Tom Mboya: Bwana Afya Aliyesoma Uchumi Vyumbani mwa Eastlands

Wasomaji wangu, leo naomba mniwie radhi nikianza na jambo la nyumbani kabla sijafika kwa mtu niliyekusudia kumweleza. Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, kijana aliyezaliwa na kulelewa Mji wa Kale wa Mombasa. Baada ya kumaliza sekondari alipata nafasi ya kusomea shahada ya kwanza ya uchumi mjini Nairobi, nasi jamaa zake tukafurahi, tukasoma maulidi, tukamtia nauli mfukoni. Kwa kuwa uwezo wetu ni mdogo, hakuweza kupanga karibu na chuo. Amepanga chumba huko Eastlands, mtaa wa Kaloleni, yeye na wenzake wawili, na kila asubuhi hupanda matatu kwenda darasani.

Mwaka wake wa kwanza haujaisha nikapigiwa simu na dada yangu, naye analia. Kijana amesema anataka kuacha masomo aende Ghuba kutafuta kazi, kwani haoni faida ya kukaa miaka minne akichora mistari ya bei na mahitaji, ilhali mama yake anaamka alfajiri kukaanga mahamri ya kuuza ili yeye apate karo. Dada aliniomba niende nikaseme naye, kwa sababu kwetu mjomba ndiye mwenye neno.

Nilikwenda. Nilisali Ijumaa katika msikiti wa Riyadha, Pumwani, kisha nikatembea kwa miguu hadi Kaloleni. Nilimkuta ameketi kitandani, vitabu vyake vimepangwa sakafuni kwa kuwa meza hakuna. Aliniamkia kwa adabu, akanitilia chai, kisha akaniuliza elimu hii ya uchumi yamfaa nani. Mimi nilisoma chuoni kwa maalim, nikahitimu Kurani na vitabu vya fikihi, na uchumi ninaoujua ni ule wa mtunga mashairi anayesubiri mwisho wa mwezi. Sikuwa na jibu la darasani. Lakini nilikumbuka kwamba mitaa ile ilipata kumjua mtu mmoja ambaye swali hilo lilimshughulisha maisha yake yote. Mtu huyo ni Thomas Joseph Mboya. Nilimhadithia kijana mpaka adhana ya magharibi, na niliyomhadithia ndiyo haya ninayoyaandika.

Mtoto wa shamba la katani

Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la katani la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazee wake walikuwa watu wa kisiwa cha Rusinga katika ziwa Nyanza, na baba yake, Leonard Ndiege, alikuwa mnyapara katika shamba hilo la Mzungu. Basi mtoto akakulia ugenini, katikati ya vibarua wa makabila mbalimbali, akajifunza lugha zao. Faida ya jambo hilo ilikuja kuonekana baadaye, aliposimama mbele ya wafanyakazi wa Nairobi na kila mmoja akahisi kwamba anasemeshwa yeye.

Alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki, kwanza Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na mwisho Mang'u. Hapo ndipo karo ilipowashinda wazazi, kwani walikuwako wadogo zake nao wakingoja zamu ya kusoma. Akakatiza masomo. Mwaka 1948 aliingia Jeanes School, Kabete, ambako serikali ya kikoloni ilikuwa ikiwafunza Waafrika kazi ya ukaguzi wa afya.

Nilipofika hapa nilimtazama mpwa wangu usoni. Alikuwa akidhani kwamba karo ni mtihani wake peke yake. Hakusema kitu, lakini aliweka kikombe chini.

Bwana Afya wa Nairobi

Mwaka 1951 Mboya aliajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi kuwa mkaguzi wa afya, kazi ambayo watu wa mitaani humwita mwenyewe Bwana Afya. Nairobi ya siku zile ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Wazungu walikaa magharibi, penye miti na upepo mwema, Wahindi wakawa na mitaa yao, na Waafrika wakawekwa mashariki, ng'ambo ya reli na viwanda. Pumwani ilikuwapo tangu miaka ya 1920, na humo Waswahili na Waislamu wengine walijenga nyumba zao za Majengo kwa mtindo unaofanana na ule wa kwetu. Kariokor ilipewa jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Shauri Moyo ikawapokea watu waliohamishwa Pangani mwishoni mwa miaka ya 1930. Kisha zikaja Starehe, Ziwani, Kaloleni, Makongeni, Makadara na Bahati. Mtu wa Pwani akiyasikia majina hayo hudhani yuko nyumbani, kwa maana Kaloleni tunayo kwa Wagiriama na Makadara tunayo Mombasa. Lakini akiingia ndani ya chumba ndipo huona tofauti.

Kazi ya Bwana Afya ni kutazama maziwa kama yametiwa maji, nyama kama ni nzima, mitaro kama inapitisha maji, na vyumba kama vinatosha watu waliomo. Mkaguzi hupiga hodi na kuhesabu vichwa. Katika kuhesabu huko, naamini mimi, ndimo Mboya alimopata darasa lake la kwanza la uchumi. Kwani mshahara wa Mwafrika mjini ulikuwa umekadiriwa kana kwamba kila mfanyakazi ni kapera. Hesabu ya wakubwa ilikuwa hivi: mke na watoto wako shamba, watajilisha kwa jembe, mwanamume huyu ahitaji posho ya mtu mmoja na nafasi ya kitanda kimoja. Chumba nacho kikajengwa kwa hesabu hiyo hiyo. Mke akija mjini, au watoto wakija kusoma, hapana mahali pa kuwaweka wala shilingi ya kuwalisha. Na shamba lenyewe huko nyumbani likawa linalimwa na mwanamke peke yake, likizidi kuchoka mwaka hadi mwaka.

Tusidhani kwamba hayo ni maneno ya wanasiasa tu. Mwaka 1954 kamati ya serikali yenyewe, iliyoongozwa na Bwana Carpenter, ilitoa ripoti juu ya mishahara ya Waafrika. Iliona kwamba karibu nusu ya wafanyakazi wa mijini walioajiriwa na makampuni, na karibu robo ya walioajiriwa na serikali na idara zake, walilipwa mshahara usiotosha mahitaji ya lazima ya mtu kuwa na afya na heshima na nguvu za kufanya kazi.

Yeye mwenyewe Mboya aliyaonja. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mwenzake Mzungu kwa kazi ile ile. Kisa kimoja amekieleza katika kitabu chake Freedom and After, kilichotoka mwaka 1963. Alikuwa peke yake katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia bibi wa Kizungu na chupa mkononi, akatazama huku na huku, kisha akauliza kama hapana mtu humo. Mboya alimjibu kwa kumwuliza kama macho yake ni mazima. Kisa hiki watu hukicheka, lakini ndani yake mna uchumi pia. Mtu ambaye haonekani hata akiwa amesimama mbele yako, mshahara wake utaukadiriaje kwa haki?

Kilindini, kisha Oxford

Mwaka 1953 aliondoka katika kazi ya Baraza la Mji, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, lile lililokuja kuitwa Kenya Federation of Labour. Umri wake ulikuwa miaka 23. Ulikuwa wakati wa hali ya hatari. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwezi wa Juni mwaka huo, na viongozi wake wengi wako kizuizini. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliizingira Nairobi katika msako ulioitwa Anvil. Wakaingia Eastlands mtaa kwa mtaa, wakawachukua maelfu kwa maelfu ya watu, hasa Wakikuyu, Waembu na Wameru, wakawatia kambini. Katika kimya kile shirikisho la wafanyakazi likawa miongoni mwa sauti chache za Waafrika zilizobaki wazi.

Sisi wa Pwani tulimjua Mboya mwezi wa Machi 1955, makuli wa Kilindini walipogoma. Meli zilisimama, bandari ikanyamaza, na vijana wakazagaa njiani. Mboya alishuka kutoka Nairobi. Akawashauri wafanyakazi warudi kazini ili shauri lao lipate kusikizwa kwa hesabu, naye akaenda mbele ya wasuluhishi na takwimu zake za kodi ya chumba, bei ya unga na bei ya nguo. Makuli wakapata nyongeza ya mshahara. Wazee waliokuwa bandarini walipenda kueleza kwamba hawakupata kumwona mtu mweusi akiwashinda mabwana wa meli kwa kalamu.

Mwaka huo huo alipata msaada wa masomo, akaenda Ruskin College, Oxford, akakaa mwaka mmoja, 1955 hadi 1956. Ruskin ilianzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya wafanyakazi waliokosa nafasi ya kusoma utotoni. Huko alisoma siasa, uchumi na mahusiano ya waajiri na wafanyakazi. Hakurudi na shahada. Alirudi na namna ya kuyapanga yale aliyokwisha kuyaona Nairobi, na kijitabu alichokiandika juu ya swali la Kenya, kilichochapishwa mwaka 1956 na jumuiya ya Fabian. Tena alipata kupitia Marekani, akajuana na watu ambao walikuja kuwa na faida kubwa kwa nchi yetu.

Mwezi wa Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza, na Mboya akapata kiti cha Nairobi kwa kumshinda Argwings-Kodhek, mwanasheria. Makao yake yalikuwa nyumba ndogo ya baraza la mji mtaa wa Ziwani, na mikutano ya chama chake cha Nairobi, People's Convention Party, ilijaza watu kumbi za Eastlands. Katika uchaguzi wa 1961, akisimama Nairobi Mashariki, alipata zaidi ya kura tisa katika kila kumi. Watu wale walimchagua kwa kuwa alikuwa ameingia vyumbani mwao.

Ndege za wanafunzi

Sasa nilimwambia mpwa wangu asikilize vizuri, maana hapa ndipo shahada ya uchumi inapoingia katika hadithi. Katika miaka ya 1950 kijana wa Kenya aliyetaka shahada hiyo njia yake ilikuwa nyembamba mno. Nairobi kulikuwa na Royal Technical College, iliyofunguliwa mwaka 1956, lakini haikuwa chuo kikuu bado. Makerere ilikuwako Uganda, ikitoa shahada za Chuo Kikuu cha London, lakini nafasi zake ziligawiwa Afrika Mashariki nzima. Mmoja wa waliobahatika ni Mwai Kibaki, aliyesoma uchumi Makerere akapata daraja la kwanza, akaenda London, akarudi kuwafundisha wenzake. Lakini kwa kila Kibaki mmoja walikuwako mamia waliobaki nje na vyeti vyao mkononi.

Mboya aliliona hilo kwa jicho la mhesabu. Uhuru unakaribia. Nchi itahitaji wahandisi, madaktari, walimu na wachumi, nao hawapo. Ikiwa milango ya Uingereza na Makerere ni myembamba, na itafutwe mingine. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akihutubia vyuoni na kuomba nafasi za masomo. Pamoja na rafiki yake William Scheinman walisaidia kuanzisha wakfu wa kuwasafirisha wanafunzi, na watu mashuhuri weusi wa huko, akiwemo mchezaji Jackie Robinson na waimbaji na waigizaji Harry Belafonte na Sidney Poitier, wakatoa majina yao kuchangisha fedha. Mwezi wa Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Mwaka uliofuata wakfu wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000 safari ziendelee. Kufikia mwaka 1963 vijana wa Afrika Mashariki wapatao 800 walikuwa wamekwenda kwa njia hiyo. Mmoja wao, aliyeondoka 1960, ni Wangari Maathai, ambaye mwaka 2004 alipata Tuzo ya Nobel ya Amani.

Katika mwaka ule wa 1959 aliondoka pia kijana wa Nyanza aliyekuwa karani mjini Nairobi, Barack Obama. Hakupanda ndege ile ya kwanza. Alisaidiwa na mabibi wawili wa Kimarekani waliokuwa katika kazi ya elimu ya watu wazima. Alikwenda Chuo Kikuu cha Hawaii, akasoma uchumi, na mwaka 1962 akapata shahada ya kwanza kwa miaka mitatu badala ya minne, kisha akaendelea Harvard. Mtoto aliyemzaa huko ndiye aliyekuja kuwa Rais wa Marekani kuanzia 2009 hadi 2017. Lakini mimi simtaji kwa ajili ya mwanawe. Namtaja kwa ajili ya jambo alilolifanya aliporudi.

Karatasi Namba 10

Uhuru ulipatikana Desemba 1963. Mboya, ambaye mwaka 1962 akiwa Waziri wa Kazi aliwaleta waajiri na wafanyakazi watie sahihi mkataba wa mahusiano yao, aliwekwa mwishoni mwa 1964 kuwa Waziri wa Mipango ya Uchumi na Maendeleo. Tazameni mambo ya dunia: mtoto aliyeshindwa na karo Mang'u, asiye na shahada, amekabidhiwa mipango ya nchi nzima. Wachumi walimzunguka. Kibaki, ambaye mwaka 1963 alichaguliwa Mbunge wa Doonholm, huko huko Eastlands, alishughulika na mipango hiyo pia. Na mshauri Mmarekani, Edgar Edwards, alikuwamo.

Mwaka 1965 wizara hiyo ilitoa Karatasi Namba 10 juu ya Ujamaa wa Kiafrika na namna ya kuutumia katika kuipanga Kenya. Ilisema kwamba nchi haitafuata ubepari wa Magharibi wala ukomunisti wa Mashariki. Mali ya watu binafsi ingeheshimiwa, serikali ingeshika mambo makubwa pale inapohitajika, na Waafrika wangeingizwa katika biashara na vyeo. Bunge liliipitisha. Kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa dira ya serikali.

Hapa ndipo kijana wa Hawaii na Harvard alipochukua kalamu. Mwezi wa Julai 1965, katika jarida la East Africa Journal, Obama aliandika makala ya kuichambua karatasi ile. Mboya alikuwa mtu anayemheshimu sana, lakini hakumwogopa. Alihoji kama kumpa kila mtu hati ya shamba lake ndiyo njia bora, akauliza kwa nini biashara kubwa iendelee kuwa mikononi mwa wageni na watu wachache, akataka pengo la matajiri na maskini lizibwe kwa makusudi, na kodi itozwe wenye mali bila woga mradi irudi kwa wananchi kwa huduma. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane. Mimi napenda tu tulione jambo lenyewe: mwenye shahada ya uchumi alisoma karatasi ya serikali, akapiga hesabu zake, akasema hadharani penye kasoro. Hiyo nayo ni faida ya elimu.

Nasi wa Pwani tunayo kasoro yetu katika karatasi ile, na sitaificha kwa sababu ninamsifu mtu. Mlikuwamo kanuni kwamba fedha za maendeleo, kwa kuwa ni chache, zitiwe pale zitakapozaa zaidi: penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Mavuno ya huko ndiyo yangekuja kuwasaidia wengine baadaye. Mpwa wangu aliitambua mara moja, kwa kuwa ni somo la mwaka wa kwanza: mali haitoshi, basi kila shilingi uitiayo hapa umeiondoa pale. Kwa hesabu ya darasani haina kosa. Lakini barabara na umeme havikuota penyewe kama magugu. Mkoloni aliviweka alikotaka yeye, karibu na mashamba yake. Mwenye navyo akaongezewa, na asiye navyo akaambiwa angoje. Mombasa ilikuwa na bandari na baadaye mahoteli, lakini Tana River, Lamu, na bara ya Kwale na Kilifi zilingoja sana, na Kaskazini Mashariki ikangoja zaidi. Ndiyo sababu Katiba ya 2010 ikaamuru kwamba kaunti zigawiwe si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na ukawekwa mfuko maalumu wa kusawazisha sehemu zilizoachwa nyuma.

Nimeliwaza sana jambo hili. Bwana Afya aliyehesabu vichwa chumbani, akaona kwamba mshahara wa kapera unamnyima haki mwenye familia, ndiye wizara yake iliyokuja kuhesabu mavuno kabla ya vichwa. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Nchi ilikuwa changa, mkoba ulikuwa mtupu, na karatasi ile ilikuwa ya serikali nzima. Nasema tu kwamba kadiri mtu anavyopanda ngazi ndivyo chumba kinavyokuwa mbali na macho yake, na hesabu ikibaki peke yake bila chumba huweza kudhulumu pasi na mwenyewe kujua.

Jumamosi ya Julai

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi mchana, Mboya aliingia duka la dawa la Chhani katika barabara ya Government Road, ambayo siku hizi ni Moi Avenue. Muda mfupi kabla ya hapo alikutana njiani na Barack Obama wakazungumza. Alipotoka dukani alipigwa risasi. Alikuwa na umri wa miaka 38. Nahashon Isaac Njenga Njoroge alishtakiwa, na Obama akawa miongoni mwa mashahidi waliosimama kortini kutoa ushahidi. Mshtakiwa alihukumiwa kifo na akanyongwa mwaka huo huo, lakini wako wengi ambao hawakuridhika kwamba mambo yote yalielezwa. Nchi ilitikisika. Maiti ilipelekwa Rusinga, akazikwa katika kisiwa cha wazee wake. Obama naye alifariki kwa ajali ya gari mjini Nairobi mwezi wa Novemba 1982. Sanamu ya Mboya ilisimamishwa Moi Avenue mwaka 2011, si mbali na pale alipoanguka, na barabara ya pili yake, iliyokuwa Victoria Street, ina jina lake.

Magharibi ya Kaloleni

Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa. Nilimwambia mpwa wangu kwamba sikuja kumzuia kwa nguvu. Ghuba wamekwenda watu wema na wamerudi na riziki ya halali. Wala simwambii kwamba shahada ndiyo itakayomfanya mtu, kwa maana huyu niliyemweleza hakuwa nayo. Lakini asiseme kwamba elimu hii haina faida, kwani ameona faida yake na ameona madhara yake pia. Madhara yale ya kanuni ya mavuno yalitupata kwa sababu meza ya mipango haikuwa na mtu wa kutosha aliyekulia kwetu, aliyeijua Tana River kwa miguu, mwenye shahada ya kumwezesha kujibu hesabu kwa hesabu.

Tena nilimkumbusha kwamba asione elimu hii ni ya kigeni. Mwalimu wake huanza na Adam Smith wa mwaka 1776. Karibu miaka 400 kabla ya huyo, mwaka 1377, mwanachuoni wetu Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliandika Muqaddima, akaeleza humo habari za bei, kazi ya mikono, na jinsi kodi nzito inavyoweza kupunguza mapato ya dola. Kijana alishangaa. Akakitia jina la kitabu katika daftari lake.

Tulisali magharibi pamoja, kisha akanisindikiza kituoni. Njiani tulipita ukumbi wa Kaloleni, ambamo wazee wa siasa walikuwa wakikutana zamani. Watoto walikuwa wakicheza mpira nje, na kina mama wamepanga mboga na samaki wa kukaanga barabarani. Kijana aliniuliza mfanyakazi wa kiwanda cha karibu hulipwa kiasi gani, na chumba cha mtaa ule ni kiasi gani. Nikamwambia mimi sijui, mwenye kukaa huko ni yeye, naye apige hodi aulize.

Tangu siku hiyo imepita miezi minne. Dada yangu ameniarifu kwamba kijana hajakwenda Ghuba. Amefanya mtihani, akapita, si kwa alama za juu lakini amepita. Na ameniletea kwa mkono wa msafiri daftari moja la kurasa 40, ndani ameandika nyumba 23 za mtaa wake: watu wangapi chumbani, wangapi wana kazi, wanalipwa nini, wanalipa nini. Hakuandika jina la mtu hata mmoja. Chini ya ukurasa wa mwisho ameuliza kama naweza kumpatia hesabu kama hiyo ya vyumba vya Mji wa Kale.

Nimeanza na nyumba ya jirani yangu. Mwenyezi Mungu amjaalie kijana wetu elimu yenye manufaa, yeye na vijana wenu wote walio vyuoni. Amin.